Nimefunga filta ya maji ya nyumba nzima huku Wazo, na chumvi bado ipo

Jirani aliniuliza ile mitungi iliyosimama nyuma ya nyumba yangu ni ya gesi ama, maana hataki mlipuko karibu na ukuta wake. Sio gesi. Ni filta ya maji ya nyumba nzima, imenitoa 3,250,000 na bado hapo sijahesabu pampu, na kwa vile kila anayekuja kwangu lazima aulize basi ngoja niandike mara moja yaishe.

Sisi tupo Wazo, Dar, kisima tulichimba wakati tunajenga kwa sababu maji ya bomba yalikuwa hayajafika mtaani. Anayepajua anajua, ule mlima ndio wanakochimba mawe ya chokaa ya saruji, sasa maji yaliyokaa humo chini unategemea yatoke vipi? Birika likikaa wiki 2 ndani limefanya ukoko mweupe kama ganda la yai. Hita ya bafuni nimebadilisha elementi mara 3 kwa miaka 2, fundi umeme ameshakuwa mtu wa familia, akija anapitiliza jikoni. Shawa unazibua tundu moja moja kwa pini. Sabuni unapaka mpaka mkono unachoka, povu hamna, unabaki na utando kama wa mlenda. Halafu kuna kutu, sinki lina mchirizi wa kahawia usiotoka kwa dawa yoyote na mashati ya shule ya watoto yamekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Yote hayo huku kwetu tunayaita maji ya chumvi. Na hapo ndipo nilipopigwa.

Nikaenda duka moja Kariakoo, kubwa tu, lina kiyoyozi na vijana wamevaa fulana za kampuni, nikamwambia muuzaji maji yangu ni ya chumvi. Hakuuliza natoka wapi, hakuuliza kisima kina mita ngapi wala kama nimepima, akanionyesha seti akasema, "Dada'angu, ukifunga hii unakunywa mpaka maji ya bahari." Nikacheka nikalipa. Leo ningemwambia twende Coco tukachote dumu moja aanze yeye.

Seti yenyewe ni hivi: filta 2 ndefu za inchi 20 za kunasa mchanga na tope, ya kwanza matundu ya maikroni 20 ya pili maikroni 5 (maikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita), halafu mtungi wa karboni, yaani mkaa wa kuchujia, halafu mtungi wa softena, yaani wa kulainisha maji, wenye resini (chembechembe ndogo za plastiki) ndani, na pembeni pipa la plastiki la kutia chumvi ya mawe. Ndiyo, kutia chumvi. Nikamuuliza fundi wao mbona natoa chumvi kwa kuweka chumvi, akajibu "ndo inavyofanya kazi hiyo mama" akaendelea kufunga tepu.

Siku moja kamaliza. Akaunga kwenye bomba linaloshuka kutoka simtanki, mnara wetu una mita 4, akafungua koki, jamani, bomba za chini zikatoa kimchirizi kama mbuzi anakojoa na bafu la juu hata tone. Kumbe kimo cha mita 10 ndio kinakupa baa 1 ya presha ya maji, kwa hiyo sisi na mita 4 zetu hatufiki hata nusu baa, na softena za aina hii ili zijisafishe zinataka kama baa 1.5 hadi 2. Hili lilitakiwa kusemwa dukani kabla sijatoa hela, sio fundi ananiambia amesimama mlangoni na begi lake begani eti "utaongezea pampu". Pampu ya prasha 480,000, baba watoto alininunia siku 3. Pampu yenyewe inakula LUKU, ila shida kubwa ni umeme ukikatika, tanki limejaa juu na nyumba nzima kavu, unapiga mswaki kwa maji ya kununua.

Ikabidi nitafute fundi mwingine, kijana mpole, sio wa lile duka. Huyu ndiye aliyeniokoa. Akaweka baipasi, ni koki 3 tu na vipande vya bomba, umeme ukienda unageuza maji yanashuka yenyewe bila kupita kwenye mitungi. Mtu akija kukufungia na hana habari ya baipasi mrudishe alikotoka. Halafu akatoa kale kakalamu ka kupima TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, miligramu kwa lita, akachovya kwenye maji ya kabla ya filta, 1,140. Ya baada ya filta, 1,150. Nikamwambia kalamu yako mbovu. Akasema hapana mama, hii mashine haitoi chumvi na haikutengenezwa kutoa chumvi.

Akanieleza, na ni huyu tu aliyewahi kunieleza. Hiki tunachokiita chumvi ni vitu 2. Kuna chokaa, yaani kalsiamu na magnesiamu, ndio inayofanya ukoko kwenye birika na kuua povu, hayo kitaalamu ni maji magumu. Na kuna chumvi kabisa kama ya mezani, ile unayoisikia mdomoni. Resini inakamata hiyo chokaa na badala yake inaachia sodiamu (ile iliyomo kwenye chumvi), ikishiba inaoshwa na maji ya chumvi kutoka kwenye lile pipa halafu inaanza upya. Kwa hiyo kinachoingia na kinachotoka jumla yake ni ile ile, kimebadilishwa tu. Ladha ya chumvi inataka mtambo wa RO, unaosukuma maji kwa presha kwenye utando mwembamba unaobakiza chumvi nyuma, mwingine kabisa huo, na wenyewe unamwaga maji mengi. Shirika la Afya Duniani wanasema TDS ikizidi kama 1,000 maji yanaanza kuwashinda watu mdomoni, ya kwangu ndio hapo hapo.

Sasa msione kama naiponda mashine, mashine haina kosa. Kwa kazi yake imeninyooshea mambo. Birika lina miezi 7 halijakwanguliwa, elementi ya hita ni ile ile na fundi umeme ananipigia kunijulia hali, sabuni ya unga natumia kama nusu ya zamani, nywele za binti yangu zinachanika bila vilio. Mashati nayo yametulia, maana kutu inayoganda tankini inanaswa na zile filta za mbele, ukiifungua ilikuwa nyeupe inatoka kama imechovywa kwenye matope ya Msimbazi. Nabadilisha kila wiki 6, 15,000 moja. Aliyeniambia dukani "mwaka mzima huigusi" Mungu anamuona.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyenitahadharisha, maji machafu ya kuosha resini. Yule fundi wa kwanza aliyaelekeza bustanini, akasema mama utamwagilia bure. Ni maji ya chumvi hayo! Mchicha wote ulikauka ndani ya wiki 2, matembele yakafuata, mpapai ukapukutisha majani. Sasa hivi yanaenda kwenye shimo lake mbali na bustani.

Ningeweza kurudi nyuma ningeanza maabara ya maji ya wizara pale Ubungo na chupa yangu, karatasi ikisema ugumu kiasi gani, chuma kiasi gani, kloraidi (ya ile chumvi ya mezani) kiasi gani, ndio naenda nayo dukani. Na msidhani hii mitungi inaua vijidudu, haiui, sisi ya kunywa bado tunachemsha au tunanunua dumu.

Mtambo nyota 4, kijana wa baipasi nyota 5, duka nyota 1 na hiyo ni ya kiyoyozi. RO ndogo ya chini ya sinki naiwekea hela taratibu. Bi mkubwa ana presha, alivyosikia neno sodiamu tu basi, akija kwangu anabeba maji yake ya chai kwenye chupa kutoka Mbagala.