Uzoefu wangu: Boda alivyopata kwao

Nimepanga vyumba viwili Tabata Segerea, nyumba ya wapangaji watano wenye uwanja mmoja wa kuanikia nguo. Si mahali pa kufugia mbwa. Ila wakati wa masika nilimkuta mtoto wa mbwa kwenye mtaro wetu, jike, mbavu zinahesabika, masikio yamejaa kupe, na roho ilikataa kumpita. Alipopata nguvu ndipo tukamjua. Watoto wa pale wakamwita Boda, kwa jinsi anavyochomoka katikati ya watu kama bodaboda kwenye foleni ya Buguruni.

Alitafuna kandambili, alivuta kanga kambani, alichimba chini ya karo. Bibi wa chumba cha mbele, mtu wa swala tano, akaniita: "Mwanangu, kiumbe huyu sina ubaya naye. Lakini akilamba nguo yangu naiosha mara saba, na moja kwa udongo. Nguvu hizo nazitoa wapi?" Alikuwa na haki. Nikawatafuta watu wanaookoa mbwa hapa mjini na kuwatafutia makao.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Nitaanza na kilichonifurahisha.

Kituo chao kilikuwa kimejaa, wakaniomba niendelee kukaa naye huku wao wakitafuta. Hawakuniachia mzigo peke yangu. Alikuja kijana mmoja wa kujitolea, akakaa uwanjani karibu saa nzima akimwangalia tu. Akaniambia, "Dada, huyu si mkorofi. Ana miezi minane na hana kazi." Akachukua dagaa wangu kiganja kimoja, akawatawanya kwenye majani kando ya ukuta. Boda akainamisha pua, akaanza kutafuta mmoja mmoja, mkia umesimama, anapuliza vumbi kwa kila pumzi. Dakika ishirini hivi. Alipomaliza akajilaza kivulini, akalala. Sijawahi kumwona amelala mchana! Tangu siku ile chakula chake sikukiweka tena kwenye sufuria, na matembezi tulifanya saa 12 asubuhi, kabla lami haijapata moto wa kumuunguza nyayo.

Mtu wa kwanza kumtaka alikuwa baba mmoja wa Goba. Ana nyumba kubwa, geti la chuma, na yuko tayari kumchukua kesho yake. Wakamuuliza mbwa atashindaje mchana. Akajibu atafungwa mnyororo, afunguliwe usiku, ili awe mkali. Wakamkatalia. Mimi nilikasirika, nasema kweli, maana mwenye nyumba wetu wa Tabata alikuwa ameshanipa mwezi mmoja niwe nimemwondoa Boda. Sasa nawashukuru kwa kukataa kule. Mbwa mwenye damu ya moto namna hii, ukimfunga kutwa nzima, nguvu zote zinaishia kwenye kubweka na kuuma.

Waliendelea kuuliza maswali yale yale kwa kila aliyepiga simu: umepanga au ni kwako, nani anabaki nyumbani mchana, ukisafiri anabaki na nani? Mama mmoja wa Kibada, Kigamboni, aliyajibu yote. Ni mwalimu, ana wavulana wawili wanaofanya mazoezi ya mpira kila alfajiri. Wakaenda kupaona. Chini ya geti kulikuwa na upenyo wa kupita mbwa, wakamwambia azibe kwanza kwa tofali, ndipo wakakubali apewe Boda, kwa majaribio ya wiki mbili. Angeshindwa, wangemrudisha bila ugomvi.

Nyota waliyopoteza ni ya makaratasi. Simu zao hupokelewa kwa shida. Mara moja nilisubiri jibu siku tano. Na waliniambia chanjo zimekamilika, kumbe kwenye kadi imeandikwa ya kichaa cha mbwa peke yake. Ya parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, nilijua amechomwa kwa sababu nilikuwepo, nilimshika mwenyewe. Niliwafuata mara tatu mpaka daktari akaiandika. Parvo inaua watoto wa mbwa kwa siku chache, kwa hiyo kadi ya namna hiyo haifai kumpa mtu anayempokea mnyama. Warekebishe hapo. Kuhasiwa kulifanyika vizuri, nilichangia shilingi 50,000, na kidonda kilikauka bila shida.

Siku ya kumkabidhi nilivuka naye kwa gari la rafiki, kupitia Daraja la Nyerere. Yule mvulana mdogo hakumkimbilia. Aliketi chini mchangani, akageuza uso pembeni, akanyoosha kiganja chenye dagaa. Boda alinusa, akala, akamkanyaga mapajani kwa miguu yote minne. Mimi nilikwenda kusimama nyuma ya gari kwanza.

Wiki mbili ziliisha, hawakumrudisha. Sasa anashindana nao kukimbia kila alfajiri na anarudi hoi. Chanjo yake ya kichaa inarudiwa kila mwaka. Tarehe nimeiandika kwenye kalenda yangu pia, maana mama ameniomba nimkumbushe.