Uzoefu wangu: Matembezi ya kulitafuta lango la Donuimun, Seoul

Kama unakwenda Seoul na una nusu siku tu ya kuitolea historia, nakushauri uitumie kwa lango ambalo halipo. Nimefanya matembezi ya kuongozwa kando ya ukuta wa zamani wa mji, kipande cha kutoka lango la kusini, Sungnyemun, hadi pale lilipokuwa lango la magharibi, Donuimun, kisha tukapandisha kidogo kuelekea mlima Inwangsan. Mwongozaji wetu nampa nyota tano. Waliopanga safari nawapa tatu, na sababu nitazieleza.

Ukuta wenyewe ulijengwa mwaka 1396, enzi za mfalme Taejo, mwanzilishi wa ufalme wa Joseon. Unauzunguka mji wa kale kwa kilomita 18.6 hivi, ukipita juu ya milima minne, na ulikuwa na malango makubwa manne na madogo manne. Usiku kengele kuu ilipogongwa mara 28, malango yalifungwa. Alfajiri ilipogongwa mara 33, yalifunguliwa. Lango la magharibi halikutulia mahali pamoja tangu mwanzo. Lilihamishwa mwaka 1413, na mwaka 1422, wakati wa mfalme Sejong, likajengwa hapa tulipokuja kusimama sisi. Hapo likakaa karibu miaka mia tano.

Sasa hivi ni makutano ya barabara. Mabasi, pikipiki, watu wanaowahi kazini. Bila mtu wa kukueleza unapita tu.

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Japani ilikuwa inapanua barabara na njia ya tramu, na lango likaonekana kikwazo. Likabomolewa. Mbao na vifaa vyake vikapigwa mnada, na bei inayotajwa ni won 205 na ushei. Hapo mwongozaji alinyamaza kidogo, na mimi roho iliniuma kweli, kwa sababu tramu ilikuwa ikipita katikati ya upinde wa lango hilohilo tangu mwaka 1899. Palipitika. Tulionyeshwa picha za zamani zinazothibitisha hivyo.

Kuna swali nililokwenda nalo: kwa nini Sungnyemun na lango la mashariki, Heunginjimun, yalisalia? Wapo wanahistoria wanaosema ni kwa sababu majemadari wa Kijapani walioivamia Korea mwaka 1592, Kato Kiyomasa na Konishi Yukinaga, waliingilia mjini kwa malango hayo mawili, kwa hiyo wakoloni waliyaona kama kumbukumbu ya ushindi wao. Donuimun halikuwa na sifa ya namna hiyo machoni pao. Mimi maelezo hayo yamenikaa, na yamenifanya niitazame Sungnyemun kwa jicho jingine.

Tuje kwenye programu ya simu. Mwaka 2019 mamlaka ya urithi wa utamaduni ya Korea na Jiji la Seoul, pamoja na kampuni walizoshirikiana nazo, walilirudisha lango la Donuimun kidijitali kupitia programu hiyo. Unasimama kwenye makutano yaleyale, ya Jeongdong, unainua simu, na lango linatokea barabarani kwenye kioo: msingi wa mawe, upinde, na juu yake jengo la mbao lenye paa la vigae, chini ya paa rangi za kijani na nyekundu. Unaweza kusogea ukalitazama kwa pembe nyingine. Kilichonishika zaidi ni ukubwa wake. Picha za zamani hazikuwa zimeniandaa kwa hilo.

Lakini ukiniuliza nilijifunza wapi zaidi, nitakujibu ni kwenye mawe. Tulipofika bustani ya Woram, mwongozaji alitwambia tuweke mikono ukutani. Mawe ya mwaka 1396 ni ya kukwaruza, hayana umbo moja. Ya wakati wa Sejong yamechongwa kingo zikawa mviringo, kama punje za mahindi. Ya karne ya 18 ni miraba mikubwa iliyopangwa sawasawa. Baadhi ya mawe ya ukuta huu yamechongwa majina ya mikoa iliyoleta vibarua. Huhitaji simu kuyaona hayo.

Kasoro: kundi lilikuwa kubwa mno, vipokea sauti tulivyopewa vilikatakata kila basi lilipopita, na hapo Woram tulipewa dakika chache mno. Waliopanga walijali ratiba kuliko watu. Pia hakuna aliyetutajia kwamba kibao cha jina la Donuimun, cha mwaka 1711, kilinusurika na kimehifadhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kasri, pale kwenye kasri la Gyeongbokgung. Nililisoma baadaye mwenyewe, na ni jambo ambalo lilistahili kusemwa palepale kwenye makutano.

Nenda asubuhi, simu ikiwa na chaji ya kutosha, na ukiweza omba kundi dogo. Anza na Sungnyemun ili ujue lango kamili linafananaje, ndipo uende Donuimun.