Baiskeli wakati wa kipupwe Dodoma: alfajiri au jioni?

Kuanzia Juni hadi Agosti, Dodoma hubadilika. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu, na usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 14. Anayeendesha baiskeli kwa kujifurahisha lazima achague saa yake.

Alfajiri ina baridi ya kweli. Jua huchelewa hadi karibu saa 1 kasorobo, na vidole hufa ganzi kwenye breki. Hapo glavu ni za lazima, kwa sababu mkono usiohisi breki hauwezi kukulinda. Vaa pia koti jepesi la kuzuia upepo. Faida ya alfajiri ni kubwa: upepo wa kusi bado haujaamka, na barabara ya kuelekea Ihumwa na Chamwino, mashariki mwa mji, haijajaa malori.

Jioni misuli imeshapata joto na huna haja ya nguo nyingi. Lakini kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo ukielekea Chamwino unaupokea kifuani, pamoja na vumbi. Anza kwa kuukabili, ndipo ukusukume ukirudi umechoka. Giza nalo huingia upesi baada ya saa 12 na nusu. Bila taa ya nyuma, usitoke kabisa.

Miba ya migunga haina saa, beba tyubu ya akiba.

Mimi nachagua alfajiri, ila jua likishachomoza. Mwenye pumu aende jioni, maana hewa baridi na kavu hubana kifua.