Chicago kwa baiskeli: mjini pita, ziwani kaa

Ukiwa na siku moja tu ya kuiona Chicago, panda baiskeli, na utafute ziara inayopita ufukweni mwa Ziwa Michigan. Nimeuzunguka mji huo kwa basi la watalii na kwa boti ya mtoni pia, lakini ni safari hii ya saa tatu, ya mwendo wa pole, iliyonifanya niuelewe. Tulikuwa kama watu kumi na watano nyuma ya kiongozi mmoja. Ziara za namna hii ni nyingi na njia zake hazipishani sana, kwa hiyo ninayosema hapa yatakufaa popote utakapokata tiketi.

Kwanza baiskeli yenyewe. Nilivaa gauni refu juu ya suruali, nikaomba ya kike isiyo na bomba la juu, nikapewa papo hapo. Siti pana, gia chache, kikapu mbele, kengele inayosikika. Siti ilikuwa juu mno. Nikamwomba fundi aishushe mpaka vidole vya miguu viguse chini, akaishusha. Mtu wa makamo usione haya kuomba hivyo, maana kwenye kundi utasimama na kuondoka mara nyingi. Jaribu na breki zote mbili kabla hujatoka dukani. Ya mpwa wangu ilikuwa haishiki nyuma, na tuligundua tukiwa tayari barabarani, watu wote wakatungoja abadilishiwe. Duka linalokodisha baiskeli kwa wageni lingepaswa kulikagua hilo mapema, bila kungoja mteja alalamike.

Sehemu ya mjini ni fupi na, kusema kweli, ndiyo dhaifu. Kiongozi alituepusha na magari kwa kupita vichochoroni, jambo la busara, ila maghorofa ukiyatazama kutoka miguuni mwake unaona kuta tu. Tulisimama kwenye mnara wa maji wa mawe uliojengwa mwaka 1869, mmojawapo wa majengo machache ya eneo hilo yaliyonusurika moto mkubwa wa 1871. Hapo alieleza vizuri. Penye daraja la DuSable aliharakisha, na hilo liliniuma. Jean Baptiste Point du Sable alikuwa mtu mweusi. Ndiye aliyejenga makazi karibu na mdomo wa Mto Chicago katika miaka ya 1780, pamoja na mkewe Kitihawa, wa Wapotawatomi, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Amerika, na mji wenyewe unamtambua kuwa mwanzilishi wake. Sanamu yake ya kichwa na mabega iko pale pale kando ya daraja. Sisi tuliokuwa nyuma tulifika maelezo yakiwa yameisha. Nikamwuliza, akanijibu kwa heshima lakini kwa sentensi mbili. Kiongozi akiwa na kundi refu namna ile, asifungue kinywa mpaka wa mwisho awe ameshusha mguu.

Halafu ziwa. Unaingia njia ya chini ya barabara karibu na ufukwe wa Oak Street, unasukuma baiskeli gizani kidogo, na ukitokea upande wa pili ni maji mpaka mwisho wa macho. Mimi ni mtu wa Kisumu, na ziwa letu kwa eneo ni kubwa kuliko hili, lakini sisi tumekaa ndani ya ghuba, milima unaiona ng'ambo. Hapa ng'ambo haionekani. Mpwa wangu akanigeukia, "Shangazi, ni bahari?" Nikamwambia aonje. Ni maji baridi, hayana hata chembe ya chumvi.

Njia ya ufukweni ina urefu wa karibu kilomita 30, na tangu mwaka 2018 waendesha baiskeli wana njia yao na waendao kwa miguu yao. Hilo ndilo linaloifanya safari iwe ya raha kwa mtu asiyepanda baiskeli kila siku. Hakuna pikipiki inayokukata mbele, hakuna mtoto anayekurupuka. Kaa kulia tu, na ukisikia kengele nyuma yako usiyumbe, waache wenye haraka wapite. Penye mdomo wa mto kuna daraja la juu la baiskeli lililokamilika mwaka 2021, unavuka bila kukutana na gari hata moja.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba ufukwe huo ni wa watu. Tulipita bustani, mchanga, wazee wakicheza sataranji, familia zikichoma nyama, vijana wakiogelea, na hapakuwa na geti wala askari wa kuuliza unakwenda wapi. Hapa kiongozi alitulia, akaeleza kwa moyo wake wote. Kwenye ramani ya 1836 iliandikwa kwamba kipande cha ardhi kando ya ziwa kibaki wazi milele bila majengo. Baadaye mji ukataka kujenga, na mfanyabiashara mmoja, Montgomery Ward, akaushtaki tena na tena kati ya 1890 na 1911 ili sehemu hiyo, ambayo sasa ni Grant Park, ibaki bustani. Alishinda. Mtu anayeishi mji wa ziwani angesikiliza maelezo hayo kutwa nzima. Nililisikiliza kila neno nikiwazia ufukwe wetu, na ningependa kila diwani wa mji wenye ziwa apandishwe baiskeli apite pale.

Mandhari bora yako karibu na mwisho, kwenye rasi ya jumba la nyota la Adler. Ukigeuka pale, maghorofa yote uliyoyapita miguuni mwake yamejipanga juu ya maji. Tulipewa dakika kumi. Ongeza zako: mwambie kiongozi mapema kwamba utabaki, kama duka linaruhusu kurudisha baiskeli baadaye. Na jiandae kwa upepo, kwani sisi wakati wa kurudi ulitupiga usoni njia nzima. Mkoba wangu wa kikapuni ulibaki kwa sababu nilikuwa nimeufunga kwa leso.

Jambo la mwisho, hasa kwa Wakenya. Ziara inapita mbele ya jumba la makumbusho la Field bila kuingia. Ndani ya jumba hilo wamo wale simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, reli hiyo hiyo iliyofika kwetu Kisumu mwaka 1901. Patterson, mhandisi wa reli aliyewaua simba hao, aliiuzia makumbusho ngozi zao mwaka 1924. Ni madume, lakini hawana manyoya shingoni, na ni wadogo kuliko nilivyodhania. Tiketi ya pale hulipiwa kando, kwa hiyo chagua ziara ya asubuhi, rudisha baiskeli, ule kitu, kisha uende ukiwa na mchana mzima mbele yako.