Gari la kulala Uganda: nyumba nzuri, kipando kibaya cha kwendea sokoni

Mawakala wanaokodisha magari ya kulala jijini Kampala na Entebbe huyanadi kwa hoja moja: ukiwa na kitanda, jiko na tangi la maji nyuma yako, hutahitaji hoteli wala usafiri mwingine hadi siku ya kurudisha funguo. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli tupu. Nusu ya pili ndiyo ninayotaka kuipima hapa, kwa sababu baada ya kuzunguka na familia katika Coaster, basi dogo lililogeuzwa nyumba, kutoka Entebbe hadi Kabale na kurudi kwa njia ya Fort Portal, pamoja na mchepuko wa Jinja, nimeona kwamba safari inakuwa nzuri au mbaya kulingana na namna unavyotembea pale gari linapokuwa limesimama.

Gari lenyewe sina ugomvi nalo. Lina urefu wa karibu mita saba, vitanda vyake ni vya kunyooka kweli, jiko lina mafiga mawili ya gesi, na jokofu linatumia betri ya pembeni ambayo haikuwahi kutuangusha. Kama nyumba ningelipa alama nne kati ya tano, moja nikiikata kwa sababu ya vyombo vinavyogongana kwenye kila tuta, na barabara kuu za Uganda zina matuta katika kila kituo cha biashara, mengine yakiwa manne au matano mfululizo. Kama chombo cha kwendea dukani, hata alama mbili ni ukarimu. Ukishalisawazisha juu ya magogo, ukatandaza turubai, ukaunganisha waya wa umeme wa kambi na kuwalaza watoto, kwenda kununua nyanya kwa gari hilo ni kuvunja nyumba na kuijenga upya.

Kampala ndipo unapopaswa kuliacha gari lilipo bila kujadiliana. Barabara za katikati ya jiji, hasa kuelekea Kikuubo na soko la Owino, zimejaa pikipiki, mikokoteni na wachuuzi kiasi kwamba hata mwenye gari dogo hujuta. Jambo la kufurahisha ni kwamba huna haja ya kuingia jijini kabisa. Barabara ya kasi ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018 na kuanza kutoza ada Januari 2022, inakufikisha Busega, na hapo Busega ndipo unapoishika barabara ya Masaka na Mbarara. Anayeelekea Jinja naye anashika Northern Bypass hapohapo Busega, anazunguka upande wa kaskazini na kutokea Bweyogerere. Gari dogo hulipa shilingi 5,000 za Uganda kwenye barabara hiyo ya kasi, na kwa mtu anayeendesha nyumba yake ni fedha iliyotumika vizuri, maana barabara ya zamani inayopitia Kajjansi imejaa taksi (mabasi madogo ya abiria) zinazosimama popote abiria anaponyoosha mkono.

Kwa shughuli za ndani ya jiji tulitegemea programu za simu. SafeBoda, iliyoanza Kampala mwaka 2014, ndiyo niliyoipenda kuliko nyingine, kwa sababu dereva wake anatambulika kwa helmeti ya rangi ya chungwa, anakuja na helmeti ya pili kwa ajili ya abiria, na nauli unaiona kabla ya kupanda. Zipo pia programu za magari, na Uber imekuwapo jijini tangu mwaka 2016. Hata hivyo mgeni asidhani kwamba kubonyeza kitufe kumemaliza kazi. Madereva wengi hukupigia simu kwanza wakuulize unakwenda wapi na kama utalipa taslimu, na jibu lisipowapendeza safari inafutwa. Tulijizoesha kubeba noti ndogondogo. Nje ya Kampala na Entebbe sikushauri kuzitegemea programu hizi; huko mwenye neno ni dereva wa steji, yaani kituo cha bodaboda.

Na hapa ndipo penye sifa kubwa ya Uganda. Sijaona huduma ya usafiri wa karibu inayomfaa mwenye gari la kulala kuliko bodaboda wa steji iliyo karibu na kambi, mradi umpate yule anayejulikana. Katika kila kambi tulianza kwa kumwuliza mlinzi wa getini amwite kijana anayemwamini, tukakubaliana bei za safari za kawaida siku ya kwanza, na tangu hapo tukawa na mtu wetu. Safari fupi za mjini zilikuwa kati ya shilingi 2,000 na 5,000, bei ikipanda mvua inaponyesha, jambo ambalo siwezi kulilaumu kwa sababu anayelowa ni yeye. Faida kubwa zaidi ni kwamba si lazima upande. Unamtuma. Unamwandikia orodha, unamtumia fedha kwa MTN au Airtel, naye anarudi na matooke, mkaa, mkate na dawa ya mbu, pamoja na chenji au risiti. Mtungi wetu wa gesi ulipokwisha jioni moja, dereva aliufunga nyuma ya kiti kwa mpira na kurudi na uliojaa kabla maharage hayajapoa. Angalizo moja katika hilo: vali za mitungi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo mwonyeshe mtungi wenyewe na usimwelezee kwa maneno, la sivyo atarudi na mtungi usioingia kwenye mpira wa jiko lako.

Masharti tuliyojiwekea yalikuwa machache lakini hatukuyavunja. Bei husemwa kabla ya kupanda. Abiria mmoja kwa pikipiki, ingawa kote nchini utawaona watatu na mbuzi. Hakuna kupanda baada ya giza kwenye barabara kuu. Helmeti tulinunua zetu, kwa sababu nje ya Kampala dereva mwenye helmeti ya abiria ni nadra, na helmeti mbili zilikaa vizuri chini ya kitanda. Dereva akikimbia, maneno ya kumwambia ni “ssebo, mpola mpola” (bwana, polepole), na wengi hupunguza bila kununa.

Lugha inastahili aya yake kwa msomaji wa Kiswahili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini uamuzi wa serikalini na mazungumzo ya sokoni ni vitu viwili. Madereva wa bodaboda wanakijua zaidi ya wauza duka, hasa wale waliowahi kufanya kazi mipakani. Kuelekea Kasese na maeneo yanayopakana na Kongo, Kiswahili kinapita kwa urahisi. Katikati ya Buganda utasikilizwa kwa adabu na kujibiwa kwa Kiganda au Kiingereza, hivyo ni vyema kujua salamu, pamoja na kumwita mwanamume ssebo na mwanamke nnyabo. Mama mkwe wangu, ambaye hapandi pikipiki kwa hali yoyote, alipata punguzo kubwa la bei sokoni Masaka kwa kusema “nnyabo” tu na kutabasamu, wakati mimi niliyejadiliana kwa Kiingereza nililipa bei kamili.

Kwa ajili ya mama mkwe tulijaribu njia nyingine mbili. Taksi, kama basi dogo la abiria 14 linavyoitwa Uganda, ni nafuu na inapita karibu kila mahali, ila haiondoki mpaka ijae, na nauli ya jioni si ya asubuhi. Haifai kwa mtu mwenye miadi. Inafaa sana pale barabara inapokuwa ndefu na iliyonyooka: kutoka Fort Portal hadi Kanyanchu, zinakoanzia ziara za sokwe za msitu wa Kibale, barabara ya kwenda Kamwenge ni ya lami na taksi hupita hapo, kwa hiyo hakuna sababu ya kukunja nyumba ikiwa umepiga kambi mjini. Kasoro ni kwamba kundi la asubuhi huanza mapema kuliko taksi inavyojaa. Waliochagua kundi la mchana hawakusumbuka. Njia ya pili ni spesho, yaani gari dogo la kukodi pamoja na dereva wake, ambalo kwa watu wanne halizidi sana gharama ya bodaboda nne. Mwambie dereva saa ya kurudi, na usimlipe yote mwanzoni.

Jinja ndiyo mji pekee ambapo sikuhitaji huduma ya mtu. Mitaa yake ni mipana, imekatwa kwa mistari iliyonyooka na haina vilima vya kutisha, na baiskeli mbili tulizofunga nyuma ya Coaster zilipata kazi kuliko mahali pengine popote. Kwenda bustani ya chanzo cha Nile na kurudi kwa baiskeli asubuhi, kabla jua halijawa kali, ni raha ambayo gari la mita saba haliwezi kukupa. Kambi nyingi za wasafiri ziko upande wa Bujagali, nje kidogo ya mji, ambako maporomoko yenyewe yalimezwa na maji ya bwawa la umeme lililokamilika mwaka 2012, na kipande hicho cha barabara kina malori ya kutosha kumfanya mzazi awarudishe watoto kwenye spesho. Magharibi, baiskeli zilibaki kuwa mapambo. Vilima vya Kigezi, upande wa Kabale, si vya mchezo.

Ndani ya hifadhi za wanyama hesabu inageuka, na ni haki kulitaja gari la kulala kwa wema. Bodaboda hawezi kukupeleka kutazama simba, na giza likiingia hairuhusiwi kuzunguka, hivyo nyumba yenye magurudumu ndiyo chombo pekee ulichonacho. Coaster ilitosha kwenye njia kuu za hifadhi ya Queen Elizabeth wakati wa kiangazi, lakini kwenye njia ndogo za ndani, ambazo mvua moja huzigeuza tope jeusi, utatamani Land Cruiser yenye hema juu ya paa, gari ambalo mawakala haohao wanalo na ambalo ningelichagua kwa anayekusudia hifadhi zaidi kuliko miji. Pale Queen Elizabeth kuna ahueni moja: barabara ya umma ya Kasese inakatiza hifadhi na kuvuka mfereji wa Kazinga kwenye daraja la Katunguru, kwa hiyo bodaboda na taksi zipo kijijini, na mfereji wenyewe, unaounganisha ziwa George na ziwa Edward, unatazamwa vizuri zaidi kwa boti. Viboko hawatishwi na boti. Na katika hifadhi ya Murchison, ambako zamani ratiba ya kivuko cha Paraa kwenye mto Nile ndiyo iliyoamua utalala ng’ambo gani, siku hizi kuna daraja, na mwenye gari kubwa anavuka saa anayoitaka ndani ya muda wa hifadhi.

Katika ziwa Bunyonyi chombo ni mtumbwi. Kutoka Kabale hadi ziwani ni kilomita chache tu, lakini ni mpando mkali ambao Coaster ilipanda kwa gia ya kwanza huku vijana wa bodaboda wakitupita na magunia ya viazi. Baada ya kufika, gari halina kazi tena, kwa sababu visiwa na vijiji vingi hufikiwa kwa maji. Boti la injini hukodiwa zima na wala si kwa kichwa, kwa hiyo familia mbili zikichangia bei inakuwa ya kawaida. Mtumbwi wa kupiga kasia ni rahisi zaidi na, kwa maoni yangu, ndio unaofaa kwenye ziwa lile, ikiwa huna haraka na hali ya hewa ni tulivu. Dai jaketi la kujiokoa kwa kila abiria kabla ya kulipa. Waendesha boti wengine huyaacha nyumbani mpaka wayadaiwe.

Visiwa vya Ssese vilikuwa kipande cha mwisho, na hapo sikubaliani na ushauri wa wakala wetu, aliyetutaka tuvuke na gari. Kivuko cha Bukakata hadi Luku, kwenye kisiwa cha Bugala, hakitozi nauli na kinabeba magari, lakini foleni ya magari mwisho wa wiki ni ndefu, na gari kubwa husubiri nafasi inayolitosha wakati pikipiki na waendao kwa miguu wanapanda moja kwa moja. Kwa anayekaa usiku mmoja, afadhali aache nyumba yake katika uwanja wenye mlinzi mjini Masaka, apande taksi hadi Bukakata na avuke na mkoba mdogo. Upande wa Luku bodaboda na taksi huwa zinakisubiri kivuko kuelekea Kalangala. Anayekusudia kukaa kwa muda zaidi avuke na gari, ila afike gatini asubuhi, na amwulize mfanyakazi wa kivuko saa za kurudi kabla hajafunga turubai.