Kliniki ya homoni za watoto, nawapa nyota 4

Nimechelewa kuandika hii riviu lakini wacha nimalize leo. Ni kliniki ya homoni za watoto hapa Nairobi, jina sitaji juu ya usiri wa mtoto wangu, mwenye anaihitaji ataelekezwa na daktari wake.

Mtoto alizaliwa 2018 nikaambiwa ni kijana. Wiki ya pili akaanza kutapika, hanyonyi, utosi umebonyea. Hospitali ya kwanza wakamwekea maji, halafu story ikawa ni upasuaji tu, eti arekebishwe sehemu za siri mapema kabla watu hawajajua. Niliogopa sana.

Hapa walianza na damu. Wakapima chumvi, homoni na kromosomu, zikarudi XX, yaani ni msichana, ila tezi zilizo juu ya figo hazitengenezi homoni ya kotisoli ya kutosha na zilikuwa zinamwaga homoni za kiume tangu akiwa tumboni. Daktari akasema mama, cha haraka ni chumvi anayoipoteza mwilini, kisu kinaweza kungoja. Dawa ni za maisha. Akanionyesha mwenyewe kugawa kidonge cha haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la hiyo kotisoli, mara nne, kukisaga kwa vijiko viwili, kuchanganya na maji kidogo, mpaka mkono wangu ukaacha kutetemeka.

Nikamuuliza, daktari, watoto kama huyu wako wangapi? Akageuza karatasi ya maabara akaandika nyuma. Kuna hesabu ya mwaka 2000 ya Marekani inasema karibu watu 1.7 kwa kila 100 ni huntha, yaani waliozaliwa na maumbile au homoni za jinsia zisizofuata kawaida ya kike au ya kiume, lakini 1.5 ya hiyo ni watu wenye hii hii shida ya mtoto wangu ikiwa hafifu, inajitokeza ukubwani, wengine ni chunusi na nywele za kidevu tu. 2002 daktari mwingine huko huko akawatoa hao na wengine kadhaa, akabaki na kama 18 kwa kila watu 100,000. Kwa hivyo wanabishana nani ahesabiwe, mtoto wangu yumo kwa zote mbili. Hakuna mtu alikuwa amewahi kunieleza hivyo bila kunionea huruma.

Halafu Agosti 2019 sensa ikaja, Kenya ilikuwa inahesabu huntha mara ya kwanza. Karani na tablet yake mlangoni, jirani yangu ameketi hapo anachambua sukuma, nikasema msichana, basi. Kenya nzima walipatikana 1,524 kati ya watu milioni 47 na kitu. Kila nikiiona hiyo namba najua kuna mmoja hayumo, na ni mimi nilimtoa.

Nyota moja nimetoa kwa foleni, fika saa kumi na mbili asubuhi. Bebeni kadi ya kliniki na vidonge vyenyewe, wanataka kuona mnavyovikata.