Pesa za kampuni kwenye kampeni: Marekani au Kanada?
Marekani, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu iitwayo Citizens United ya 2010 (majaji 5 kwa 4), kampuni inaweza kumpigia debe mgombea kwa kiasi chochote, mradi isipange naye. Kumpa mgombea wa shirikisho (ngazi ya taifa) fedha moja kwa moja bado ni marufuku. Kanada, tangu 2007, ni watu binafsi tu wanaochangia vyama na wagombea wa shirikisho, tena kwa kikomo.

Kwa uhuru wa kusema, Marekani iko mbele. Hata vyama vya wafanyakazi vilifunguliwa mdomo. Kwa usawa, Kanada, bila ubishi. Uwazi ndio unaonitia hofu: Marekani, mamilioni hupitia mashirika yasiyotaja wafadhili wao.

Ukiishi chini ya serikali inayopenda kunyamazisha watu, vikomo vya Kanada vinaweza kugeuzwa rungu. Kama matajiri ndio wanaomeza sauti za wengine, vitakufaa.